Punje Kumi kwa Jibu Moja: Nani Anazilipia?

Ndugu walimu walezi wa klabu, viongozi wa wanafunzi, na wazazi mliokuja kutusikiliza,

Mmetuomba tuzungumzie michezo ya maneno ya mtandaoni, ile ambayo mchezaji akijibu sawa, mwenye njaa hupata chakula. Swali linalotangulia kila tunapoitaja ni hili: je, mchele huo unafika kweli? Unafika. Lakini hautoki mfukoni mwa mchezaji, wala hautoki ndani ya kompyuta. Kila punje ina mtu aliyeilipia, na asiyemjua mlipaji huyo anaweza kumkalisha mtoto saa nzima akijibu maswali bila senti moja kumfikia mtu yeyote. Kwa hiyo leo tutafuata fedha kwanza, kisha tutakuja kwenye maneno na namna ya kuyafundisha.

Tutauchukua mchezo unaojulikana kuliko yote, Freerice. Ulifunguliwa tarehe 7 Oktoba 2007 na John Breen, mtaalamu wa programu za kompyuta kutoka Bloomington, jimbo la Indiana, Marekani. Mwanawe alikuwa akijiandaa kwa SAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya huko, na alihitaji kuongeza msamiati. Breen hakuwa mgeni katika kazi hii. Mwaka 1999 alikuwa ameanzisha The Hunger Site, ukurasa ambao mtu alibonyeza kitufe mara moja kwa siku, na wadhamini wakalipia chakula. Safari hii aliongeza kitu ambacho kitufe hakina: sababu ya mtu kubaki. Mtu hubonyeza kitufe akaondoka, lakini anayeulizwa neno asilolijua hukaa na kutaka lingine.

Siku ya kwanza zilipatikana punje 830, kiasi cha kijiko kikubwa kimoja hivi. Mwezi mmoja baadaye jumla ilikuwa imefikia punje bilioni moja. Mwezi Machi 2009 Breen aliutoa mchezo wote kwa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lenye makao yake makuu mjini Rome, na ndilo linaloumiliki hadi sasa.

Uchezaji wenyewe ni mwepesi. Neno linatokea kwenye kioo, chini yake majibu manne. Ukichagua lenye maana iliyo karibu zaidi, punje zinaingia kwenye bakuli lililochorwa pembeni. Ukikosea, hakuna punje inayoondolewa. Unaonyeshwa jibu sahihi na unaendelea. Kiwango cha kuanzia kilikuwa punje 10 kwa jibu, kikapandishwa kuwa 20 mwezi Novemba 2007, kisha kikarudi 10. Kwa kuwa kimekuwa kikipanda na kushuka, mwalimu akisome kwenye ukurasa siku hiyo hiyo kabla ya kuwapigia wanafunzi hesabu. Sisi hapa tutatumia 10 kwa sababu inarahisisha kujumlisha. Kikiwa 5, gaweni kwa mbili.

Sasa mlipaji. Katika mfumo aliouanzisha Breen, chini ya swali kulikuwa na nafasi ya tangazo. Kampuni inayotangaza hulipa kila tangazo lake linapoonyeshwa, na bei hupangwa kwa kila mara elfu moja. Fedha hiyo ndiyo iliyokwenda WFP. Hakuna mtu aliyekaa ghalani akihesabu punje mojamoja. Punje ni kipimo cha kumwonyesha mchezaji alichochangia, na shirika hutumia fedha hiyo kununua chakula au kugharimia msaada pale unapohitajika.

Tuipige hesabu. WFP ilipopokea ile bilioni ya kwanza ilisema inatosha kuwalisha watu 50,000 kwa siku moja, kwa kipimo cha gramu 400 za mchele kwa mtu mzima. Gawanyeni: mtu mmoja ni punje 20,000, yaani gramu moja ni kama punje 50, na kilo ni punje 50,000. Chukulieni kwamba tani ya mchele sokoni ni dola 500. Kilo inakuwa senti 50 za dola, na punje 10 zinakuwa sehemu moja ya elfu kumi ya dola. Majibu sahihi 1,000 ni senti 10 tu. Ndiyo maana tangazo la bei ya chini kabisa linaweza kulipia jibu na bado likabakiza, na ndiyo maana mchezo uliweza kudumu. Hesabu hiyo hiyo inaonyesha pia ulivyo dhaifu bei ya chakula inapopanda: mwaka 2008 mchele wa Thailand ulipita dola 900 kwa tani, na punje ileile ikamgharimu mlipaji karibu mara mbili.

Mnaona basi madhara ya tangazo kutoonekana pale mchezo unapolipiwa na matangazo. Hili ndilo kosa la kwanza katika vyumba vya kompyuta vya shule, na halijulikani kwa sababu bakuli linaendelea kujaa hata pasipo tangazo. Vyanzo vyake ni vitatu tunavyovikuta mara kwa mara. Kompyuta nyingi zimewekewa kizuia matangazo na fundi aliyezitengeneza, kwa nia njema. Simu nyingi za wanafunzi na wazazi zinatumia kivinjari cha kubana data, ambacho huacha picha na matangazo ili bando lisiishe. Na laini moja ya intaneti ikigawanywa kwa mashine thelathini kwa wakati mmoja, maandishi ya swali hufika, tangazo hukwama njiani. Kabla ya kipindi, mwalimu afungue mashine moja, ajibu maswali matano, aangalie kama tangazo linatokea na kubadilika. Lisipotokea, azime kizuia matangazo kwa ukurasa huo peke yake, si kwa mtandao mzima, maana kwingineko kinga hiyo ina faida. Laini ikiwa nyembamba, afungue mashine kumi badala ya thelathini.

Kuna wanaofikia hatua ya pili wakakosea upande wa pili. Wakishajua kwamba tangazo ndilo linalolipa, wanawaambia watoto wayabonyeze matangazo ili fedha iongezeke. Msifanye hivyo kabisa. Mitandao ya matangazo hutambua mibonyezo isiyo ya kweli, hukataa kuilipia, na inaweza kumnyima mwenye ukurasa hata malipo aliyostahili. Hasara inamwangukia mwenye njaa. Vivyo hivyo kwa programu za kujibu zenyewe. Mchezo ulipoanza tu, vijana hodari wa kompyuta waliandika programu zilizojibu maelfu ya maswali usiku kucha. Punje ziliongezeka kwenye kioo, lakini hakukuwa na jicho la mtu lililotazama tangazo, na mtangazaji hawezi kuendelea kulipia macho yasiyokuwepo. Mwanafunzi mwenye kipaji hicho mpeni kazi nyingine, tutaitaja baadaye.

Kuhusu bando, tuseme wazi. Kulisha mtu mzima siku moja ni punje 20,000, na hizo ni majibu sahihi 2,000. Mchezaji mwepesi anayejibu sawa mara kumi kwa dakika atatumia saa tatu na dakika ishirini. Akinunua bando kwa ajili ya kucheza tu, fedha aliyolipia bando ingeweza kununua mchele mwingi kuliko ule atakaouchangia. Mchezo huu unafaa mahali ambapo intaneti imekwisha kulipiwa: maabara ya shule, maktaba, chuo, ofisi baada ya kazi, nyumba yenye mtandao wa mwezi. Asiye na mtandao wa namna hiyo na ana shilingi elfu moja ya kutoa, aitoe hiyo elfu moja moja kwa moja kwa anayemjua kuwa ana shida.

Lakini darasa la wanafunzi 40, kila mmoja akipata majibu sahihi 50, limefikisha 2,000 ndani ya nusu kipindi, kwa mtandao ambao shule ingeulipia tu. Hapo mchezo unaanza kuwa na maana. Fedha za Freerice za miaka ya mwanzo zimewahi kuwalisha wakimbizi 27,000 kutoka Myanmar waliokuwa Bangladesh kwa majuma mawili, na hapa jirani, Uganda, wanafunzi 66,000 kwa juma moja. Hao ni watoto walioketi wakala.

Hata hivyo msimwambie mtoto kwamba anamaliza njaa duniani. Jumla ya punje tangu 2007 imepita bilioni 100. Kwa kipimo chetu hizo ni tani 2,000, na kwa bei ya dola 500 ni dola milioni moja. Mwaka 2022 WFP ilipokea zaidi ya dola bilioni 14 kutoka kwa serikali na wafadhili wengine, na bado ikalazimika kupunguza posho za chakula kwa wakimbizi sehemu nyingi. Mtoto anaweza kuambiwa ukweli huo na asikate tamaa. Anayeambiwa uongo atakuja kuugundua, na siku hiyo ataacha kuamini hata misaada ya kweli.

Tuje kwenye maneno yenyewe, maana faida hii haisubiri mtangazaji. Mtoto wa Tanzania Bara aliyesoma shule ya msingi ya serikali hutumia miaka saba akifundishwa kwa Kiswahili, halafu anaingia kidato cha kwanza na kukuta baiolojia, jiografia na hesabu vyote kwa Kiingereza. Anachokosa mara nyingi ni msamiati, si akili. Freerice ilitengenezwa kwa ajili ya upungufu wa namna hiyo, ingawa kwa mtoto wa Marekani. Tofauti hiyo ni muhimu. Ngazi za juu zina maneno ya kifasihi na ya kale ambayo mwanafunzi wetu hatayakuta kwenye mtihani wala barabarani, na hata Mmarekani msomi huyakosa.

Utaratibu aliouweka Breen ni huu: maswali machache ya kwanza yanampima mchezaji, kisha mchezo unampanga. Akipata matatu mfululizo anapanda ngazi. Akikosa moja anashuka. Neno alilolikosa linarudishwa kwake baada ya maswali kadhaa. Huo ni ufundishaji mzuri, kwa sharti kwamba mchezaji anafikiri. Mbahatishaji huharibu kila kitu. Kwa majibu manne, anayebonyeza ovyo atapata robo: katika maswali 100 atapata 25, punje 250. Anayefikiri kwenye ngazi inayomfaa hupata kama 80, punje 800. Zaidi ya hapo, mbahatishaji hushushwa ngazi kila mara, kwa hiyo hukutana na maneno anayoyajua tayari na hajifunzi lolote. Mwalimu aangalie alama: anayepata zaidi ya 95 kwa mia yuko chini ya uwezo wake; aliye chini ya 60 anabahatisha au amerushwa juu mno.

Namna tunayoipendekeza ni wanafunzi wanne kwa mashine moja, si mmoja mmoja. Mmoja anasoma neno kwa sauti. Wa pili na wa tatu wanabishana kuhusu majibu na kila mmoja anatoa sababu yake. Wa nne anaandika kwenye daftari kila neno lililokosewa. Baada ya dakika tano wanapokezana, na dakika ishirini zinatosha. Zikizidi, mikono inaanza kubonyeza kabla ya macho kusoma. Kipindi kikiisha, kila kundi linachagua maneno sita kutoka daftarini, linayatafuta kwenye kamusi, na kila mwanafunzi anatunga sentensi yake. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote.

Sababu yake ni kwamba mchezo unatoa neno la karibu, hautoi matumizi. Mtoto akijifunza kwamba "abundant" ni "plentiful" amejifunza vizuri. Akijifunza kwamba "meagre" ni "thin" na akaenda kuandika kuhusu "meagre paper", atakosea, na mchezo hautamwambia. Kamusi na sentensi ndivyo vitakavyomwonyesha kwamba neno hilo huenda pamoja na mshahara, mlo au mavuno.

Mfundisheni pia kuvunja neno. Anayejua kwamba "bene" mwanzoni mwa neno huelekea wema na "mal" huelekea ubaya anaweza kujibu maneno asiyowahi kuyaona. Na kama majibu mawili yanafanana sana, mara nyingi moja ni mtego wa sauti: linafanana na swali kimatamshi, si kimaana.

Kwa kidato cha kwanza na cha pili tungeanza na sarufi nyepesi, jedwali la kuzidisha, miji mikuu na bendera, maana mchezo una masomo mengine pia. Alama za elementi za kemia zinawafaa sana kidato cha pili, ambao wanashangaa kwa nini chuma ni Fe na sodiamu ni Na. Msamiati wa ngazi za juu waachieni kidato cha tano na sita.

Akaunti si lazima ili kucheza. Inahitajika tu kama mnataka jumla ihifadhiwe na kundi la shule lionekane. Hapo mwalimu afungue kundi, wanafunzi watumie majina ya utani, na jina kamili, shule au picha ya mtoto visiwekwe. Na kwa vile jina la misaada linavutia matapeli, wafundisheni alama zao. Mchezo wa kweli hauombi namba ya siri ya simu wala ya benki. Anwani yake ni freerice.com, na inaandikwa kwa mkono, haifuatwi kutoka kwenye ujumbe uliotumwa. Na zile jumbe za WhatsApp zinazosema kila ukizituma kwa watu kumi mtoto mgonjwa anapewa fedha, ulizeni swali letu la mwanzo: nani analipa? Ujumbe unaosambazwa kutoka simu hadi simu hauna tangazo, hauna mdhamini na hauna wa kuuhesabu. Hakuna anayelipa.

Sasa jambo ambalo kwetu ndilo kubwa zaidi, na ndilo tungependa muondoke nalo kwenda kulifanya. Mkishaelewa kwamba mchezo ni mlipaji, swali, jibu na hesabu, hamuhitaji Rome wala intaneti. Shule inaweza kuuendesha wake, kwa karatasi, kwa maneno ya Kiswahili na Kiingereza, na mchele ukaliwa hapo hapo.

Anzeni kwa mdhamini: mwenye mashine ya kukoboa, mwenye duka la jumla, wahitimu wa zamani, chama cha ushirika. Mwombeni gunia moja la kilo 50, na mkubaliane tangu mwanzo kwamba hilo ndilo kikomo. Mashindano mengi ya namna hii huvunjikia hapa: mdhamini huahidi "kila jibu nitalipa" bila kikomo, wanafunzi wanajibu kuliko alivyotarajia, anaona aibu, anatoweka. Halafu pigeni hesabu kurudi nyuma. Wanafunzi 200, kila mmoja maswali 65, mkitarajia majibu sahihi 50 kwa kila mmoja, ni majibu 10,000. Kilo 50 ni gramu 50,000. Kila jibu sahihi basi ni gramu 5, ambazo ni punje 250 hivi. Gunia hilo, likipimwa gramu 150 kwa mwanafunzi, ni milo 333 ya mchana.

Maswali yatungwe na walimu wa lugha kwa ngazi tano, kuanzia visawe vya kila siku hadi methali na istilahi za masomo. Kila swali liwe na majibu manne, na lisomwe na mwalimu wa pili asiyelitunga, maana mtunzi haoni pale ambapo majibu mawili yote ni sahihi. Kwa Kiswahili hili hutokea sana. Neno moja lina maana moja Unguja na nyingine Mombasa au Lubumbashi. Kamusi moja ikubaliwe kuwa mwamuzi kabla ya siku yenyewe, si baada ya ubishi kuzuka. Yule kijana wa kompyuta aliyetaka kuandika programu ya kujibu ndiye wa kuandika jedwali la kujumlisha majibu, au hata mchezo mzima uchezwe kwenye mashine za maabara bila mtandao.

Usahihishaji ufanywe kwa kubadilishana: kidato cha pili kisahihishe cha tatu, na cha tatu kisahihishe cha pili, mwalimu akichukua karatasi moja katika kila kumi kuihakiki. Jumla iandikwe ubaoni kila siku, kwa idadi ya majibu na kwa gramu, ili mtoto aone kazi ya mikono yake ikipanda. Gunia lipimwe kwa mizani mbele ya wanafunzi, mdhamini akiwepo, kabla halijaingia stoo. Mpishi na mwanafunzi mmoja wasaini kila linapofunguliwa. Mdhamini naye apate alichokuja kukitafuta: jina lake litangazwe mbele ya wazazi, liandikwe juu ya karatasi za maswali. Huyo ni mtangazaji wenu, na tangazo lake linapaswa kuonekana kama lile la kwenye kioo.

Wanafunzi wakipungukiwa na yale majibu 10,000, msiwaongezee alama. Fungueni raundi ya pili juma linalofuata kwa maneno yaliyokosewa na wengi, hadi gunia liishe. Mkataba na mdhamini uwe ukurasa mmoja: kiasi, kikomo, gramu kwa jibu, tarehe ya kupima, na nani anashika ufunguo wa stoo. Nakala moja ibaki kwake, moja kwa mkuu wa shule, na ya tatu ibandikwe ukutani jikoni.